Ngitili ya Fedha: Kuchuma, Kutunza na Kurithisha

Leo ningependa tuzungumzie mali: namna ya kuichuma, namna ya kuilinda, na namna ya kuwaachia wengine pale Mungu atakapotuita. Yamkini wapo watakaouliza, "Padre, fedha na altare vinahusianaje?" Swali hilo ni halali, na jibu lake si gumu. Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kuzungumzia talanta, madeni, mawakili wa mashamba, shilingi iliyopotea na ujira wa vibarua. Aliyafahamu vyema yanayotawala mawazo ya mwanadamu anaporudi nyumbani jioni. Mchungaji asiyetaka kujua kondoo wake wanalishwa nini, na wanaibiwa na nani, atawezaje kudai kwamba anawachunga?

Hapa kwetu Bukundi, na katika wilaya nzima ya Meatu, mali ya mtu imekuwa na sura mbili tangu enzi za mababu: ng'ombe na shamba. Baadaye pamba ilikuja na kuleta sura ya tatu, yaani fedha taslimu inayoingia mara moja kwa mwaka na kutoka kwa njia elfu. Fedha hiyo ilifungwa kwenye kitambaa, ikafichwa katika kopo, au ikageuzwa kuwa ndama mnadani. Mwizi aliyeitaka alilazimika kuja usiku, kupita mbwa na kuvunja mlango. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, mambo yamegeuka. Leo bei ya dume mzima inaweza kukaa ndani ya simu mfukoni mwa kijana, na mwizi hana haja ya kuvuka Mto Sibiti. Anaandika ujumbe mfupi tu: "Ile hela itume kwenye namba hii." Tumezoea kuucheka ujumbe huo, lakini usingekuwa na anayeutii, wangekwisha kuacha kuutuma.

Kwa hiyo swali letu la leo ni hili: katika dunia ambayo fedha inasafiri upesi kuliko upepo, Mkristo wa kijijini afanye nini ili jasho lake lisipotee?

Ndugu zangu, tusiende mbali kutafuta mwalimu. Tunaye katika mila zetu, naye ni ngitili. Vijana waliokulia mjini huenda hawalijui neno hili. Wazee wa Kisukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho wakati wa masika, nyasi zikiwa bado nyingi, na kukataza mtu yeyote asilishe mifugo humo. Sehemu hiyo ilifunguliwa kiangazi kilipokuwa kikali na nyasi za nje zimekwisha. Ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na wale waliodhoofika waliponea humo. Ngitili ilihitaji mambo matatu: kuitenga mapema, kuilinda kwa nidhamu, na kuifungua kwa wakati wake.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Miti mingi ya Usukuma ilifyekwa, kwanza wakati wa ukoloni katika vita dhidi ya mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba na kuni, hata watu wakaanza kuiita nchi yetu jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao badala ya kutuletea maarifa ya kigeni uliamua kufufua ngitili za wazee. Wakati ule zilikuwa zimebaki takriban hekta 600 tu zilizoandikwa. Miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Ardhi iliyokuwa imekatiwa tamaa iliota miti tena kwa sababu watu walikubali kutokula kila kilichokuwapo leo.

Hiyo, wapendwa, ndiyo hekima ya kwanza ya mali. Anayeweka akiba ya kile kinachobaki baada ya matumizi hataweka kitu, kwa kuwa matumizi hayana adabu ya kubakiza. Ngitili hutengwa masika. Siku ile fedha ya pamba inapopokelewa, kabla ya kupita dukani na kabla ya kupita kilabuni, sehemu yake itengwe. Yusufu kule Misri alifanya vivyo hivyo. Alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya neema, naye hakungojea njaa ibishe hodi ndipo aanze kujenga maghala (Mwa 41). Tena Maandiko yanampeleka mvivu kwa chungu akajifunze (Mit 6:6-8). Kuweka akiba si ukosefu wa imani. Anayetapanya kisha akasema "Mungu atatoa" anamjaribu Mungu, na mara nyingi anayetoa ni shemeji yake.

Sasa nije kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote kwa wakati huu, nayo ni hii miradi ya kupanda kidogo na kuvuna maradufu.

Wengi wenu mnaikumbuka DECI. Ilienea nchini kwa kasi katika miaka ya kuelekea 2009. Mtu alitoa fedha iliyoitwa "mbegu", akaahidiwa "kuvuna" mara mbili au hata mara tatu baada ya miezi michache. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha yake ilikuwa lugha ya ibada. Watu waliuza mifugo, wakachukua mikopo, walimu wakatoa mishahara. Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na akaunti zake kufungiwa, maelfu walibaki na karatasi mkononi. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake kwa kuendesha upatu kinyume cha sheria na kupokea amana za watu bila leseni.

Tungedhani somo limeeleweka. La hasha! Mwaka 2025, mwezi Februari, Polisi iliwakamata katika mikoa mbalimbali watu waliohusishwa na mradi mwingine ulioitwa LBL. Safari hii hapakuwa na mbegu wala mchungaji. Palikuwa na simu, na mtu aliambiwa atalipwa kwa kutazama vipande vya matangazo ya filamu, mradi kwanza atoe kiingilio na kisha awalete wenzake. Kilichobadilika ni vazi tu, kwa maana hesabu yake ni ile ile ya DECI.

Hebu tuifanye hesabu hiyo pamoja, maana hesabu haina upendeleo. Chukua watu 10 wa kwanza, kila mmoja ametoa shilingi 50,000, na kila mmoja ameahidiwa 100,000. Ikiwa hakuna shamba linalolimwa wala biashara inayofanyika, fedha ya kuwalipa itatoka wapi? Itatoka kwa watu 20 wapya. Hao 20 nao wanahitaji 40, na 40 wanahitaji 80. Baada ya mizunguko 10 wanahitajika watu 10,240, idadi ya kata nzima. Baada ya mizunguko 20 wanahitajika watu zaidi ya milioni 10. Na mzunguko wa 23 unahitaji watu zaidi ya milioni 83, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na watoto wachanga na vikongwe. Mradi wa namna hiyo hauanguki kwa sababu serikali imeuonea wivu, kama wanavyodai wenye nao. Unaanguka kwa sababu watu wamekwisha. Na siku unapoanguka, daima waliopoteza ni wengi kuliko waliopata, kwa kuwa mzunguko wa mwisho ndio mkubwa kuliko yote iliyotangulia ikijumlishwa.

Naomba tulitazame jambo hili kwa jicho la dhamiri pia. Mara nyingi tunamwonea huruma aliyetapeliwa, na ni haki. Lakini yule aliyeingia mapema, "akavuna" na kutoka salama, je, amechuma halali? Alichokivuna ni fedha ya jirani yake aliyeingia baada yake. Kama alijua, ameiba, na wizi unadai kurudisha. Kama hakujua, basi baada ya kujua asijisifu kwamba yeye ni mjanja. Amri ya saba haina kifungu kinachowasamehe walioingia mzunguko wa kwanza.

Tena angalieni njia inayotumika kutunasa. Hakuna anayeshawishiwa na mgeni asiyemjua. Anayekuja ni shangazi, ni mwalimu wa kwaya, ni mwanajumuiya mwenzetu, na anakuja kwa nia njema kabisa kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kulipwa mara moja. Tapeli wa siku hizi haibi fedha kwanza. Anaiba uaminifu tuliojengeana kwa miaka mingi, kisha fedha inafuata yenyewe. Mradi ukivunjika, jumuiya nayo inavunjika. Majirani hawasalimiani, watu hawapeani amani katika Misa, na mwanakwaya anahamia kanisa jingine kwa aibu. Hasara hiyo haiandikwi katika taarifa yoyote ya Benki Kuu.

Kwa sababu hiyo nina msimamo, nami nausema bila kuuma maneno: jumuiya ndogondogo, vyama vya kitume na viwanja vya kanisa visitumike kamwe kutangaza mradi wowote wa fedha, uwe mzuri au mbaya. Wapo watakaosema ninawanyima waamini fursa, na kwamba miradi mingine ni ya halali. Ni kweli ipo ya halali. Ila yenye uhalali ina ofisi, ina leseni, na inaweza kusubiri hadi kesho. Haihitaji kukopa heshima ya rozari. Aidha, ninawasihi mjihadhari na mahubiri yanayofananisha sadaka na mbegu ya kuvuna fedha maradufu. Sadaka ni shukrani kwa Mungu, nayo haimweki Mungu katika orodha ya wadeni wetu. Aliyezoea kusikia kwamba elfu kumi madhabahuni huzaa laki moja, amekwisha kuandaliwa kumsadiki tapeli wa kwanza atakayepita. Maandiko yanatuambia kwamba mali iliyopatikana kwa haraka hupungua, bali anayekusanya kidogo kidogo huongeza (Mit 13:11).

Ndugu ya upatu ni mkopo wa haraka. Mikopo ambayo watu wetu wameibatiza jina la "kausha damu" imeingia hata vijijini, na sasa ipo pia ya kwenye simu inayosoma majina ya jamaa zako na kuwatumia ujumbe wa kukudhalilisha ukichelewa kulipa. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Anayekopa kununua mbegu za shamba au dawa ya mifugo ana namna ya kurejesha. Anayekopa kwa riba kubwa ili achangie harusi amejenga nyumba juu ya siafu.

Wapo wazee watakaonisikia na kusema, "Padre, maneno yote hayo ya nini? Sisi benki yetu ni ng'ombe." Mimi si miongoni mwa wanaomcheka Msukuma kwa mifugo yake. Ng'ombe huzaa, hutoa maziwa, hulima, hulipa mahari na ada ya shule, na mfumuko wa bei haumli kama unavyoila noti. Mtu aliyeficha shilingi 100,000 chini ya godoro, bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, baada ya miaka 10 ataikuta noti yake nzima, lakini itanunua kile ambacho zamani kilinunuliwa kwa takriban shilingi 74,000. Godoro linaiba polepole, wala halibweki.

Hata hivyo ng'ombe naye hufa. Sotoka iliyoingia nchini katika miaka ya 1890 iliua sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na jamii zilizokuwa tajiri ziligeuka ombaomba katika majira mamoja. Ugonjwa huo umekwisha kutokomezwa duniani tangu 2011, lakini ukame haujatokomezwa, na kila mfugaji wa Meatu anajua bei ya ng'ombe mnadani wakati wa kiangazi kikali: kila mtu anauza na hakuna anayenunua. Wazee wetu walilijua hilo. Ndiyo maana hawakuweka kundi lote zizi moja. Waliwagawa baadhi kwa marafiki na jamaa wa vijiji vya mbali, ili maradhi au ukame ukipiga huku, kule wabaki wachache wa kuanzia. Mhubiri naye ametushauri kugawa kilicho chetu mafungu saba au hata manane, kwa kuwa hatujui ni baa gani litakaloijia nchi (Mhu 11:2). Kwa maneno mengine, mwenye ng'ombe 40 asiyekuwa na akiba nyingine yoyote, na mwenye milioni kumi zote ndani ya simu, ni ndugu pacha. Kila mmoja ameegemea ukuta mmoja.

Na pamba je? Tukumbuke msimu wa 2019. Bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini wanunuzi walikwama, na wakulima wengi wa kanda yetu walikaa muda mrefu wakisubiri malipo ya pamba waliyokwisha kuipeleka ghalani. Soko la dunia likipiga chafya, Mwanhuzi tunaugua mafua. Mwenye ngitili ya fedha alivumilia. Asiye nayo aliuza mazao ya chakula kwa bei ya hasara, au alikwenda kwa kausha damu.

Je, ziko wapi sehemu hizo nyingine za kuweka? Siwezi kuwa mshauri wa fedha, wala sitamchagulia mtu. Nitataja tu zilizo wazi, ambazo mtu anaweza kuziuliza mchana kweupe.

Kwanza ni vikoba na vyama vya akiba na mikopo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kijamii vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri, na SACCOS zina leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kikoba kizuri mtakitambua: hesabu zinasomwa mbele ya wote, sanduku lina funguo zaidi ya mmoja na zinakaa kwa watu tofauti, na mwenyekiti haogopi kuulizwa.

Pili ni benki. Nazo hazikosi ajali. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa ya wakulima. Lakini tofauti yake na DECI ni kubwa: amana za benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo kwa sasa humfidia mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000 benki inapofilisika. Upatu hauna bodi ya kumfidia mtu.

Tatu ni mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile inayoendeshwa na UTT AMIS, taasisi ya serikali, ambayo mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianzishwa mwaka 2005 ili hata mwenye kipato kidogo ashiriki. Nne ni hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo mtu au kikundi kinaweza kuanza na shilingi 1,000,000. Hakuna kati ya hizi itakayokupa maradufu kwa miezi mitatu. Vipande vya mifuko vinaweza kushuka thamani, na hatifungani inataka uvumilivu wa miaka. Faida yake ni ndogo na ya polepole kama mti wa ngitili. Anayekuahidi zaidi ya hapo bila hatari yoyote, mwombe akuonyeshe leseni yake, kisha uisome mwenyewe au umpelekee anayejua kusoma.

Wala msidhani kwamba mawazo haya ni mageni kwa Kanisa. Mwaka 1462, huko Perugia, Italia, ndugu Wafransisko waliona maskini wakinyonywa na wakopeshaji wa riba kubwa, wakaanzisha Monte di Pietà, mfuko wa kuwakopesha maskini kwa rehani na gharama ndogo. Palikuwa na ubishi mkali juu ya uhalali wake, hata Mtaguso wa Tano wa Laterano ulipouidhinisha mwaka 1515. Huko Lévis, Kanada, mwaka 1900, Mkatoliki mlei Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba na mikopo baada ya kuchukizwa na riba za kinyama. Siku ya kwanza ya kupokea akiba, mwezi Januari 1901, jumla iliyokusanywa ilikuwa dola 26.40, na amana ya kwanza ilikuwa senti 10. Vyama vya namna hiyo vilienea parokia kwa parokia, mapadre wakisaidia kutunza vitabu, na leo ni miongoni mwa taasisi kubwa za fedha za Kanada. Hapa kanda ya Ziwa, Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha Nyegezi mwaka 1960, kilichofundisha mambo ya jamii na ambacho baadaye kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Na wakulima wa pamba wa Usukuma wenyewe, chini ya uongozi wa Paul Bomani, walijenga katika miaka ya 1950 umoja wa vyama vya ushirika uliokuwa fahari ya Afrika nzima. Baba zetu hawakushindwa kutunza fedha za pamoja. Walishindwa pale walipoacha kuwauliza viongozi wao maswali, na pale ushirika ulipoondolewa mikononi mwao mwaka 1976.

Jambo la mwisho ni zito, nalo halihusu matapeli wa mbali bali sisi wenyewe. Mali inaweza kuchumwa kwa jasho la miaka thelathini, ikalindwa dhidi ya wezi na ukame, kisha ikasambaratishwa ndani ya siku arobaini za msiba.

Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, Wasukuma wenzetu, walifukuzwa pamoja na watoto wao na ndugu za waume zao baada ya waume hao kufariki mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliofanya hivyo walitegemea sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, zinazomnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi, ila haikuzifuta. Shauri lilifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 iliona kwamba haki za wanawake hao zilikuwa zimevunjwa na kuitaka nchi irekebishe sheria. Fikirini: miaka zaidi ya kumi ya kuzunguka mahakamani kwa sababu karatasi moja haikuandikwa!

Akina baba wa Bukundi, Wasukuma, Wanyiramba na Wataturu, naomba niseme nanyi kwa heshima. Kuandika wosia si kujitakia kifo. Wosia huandikwa mbele ya mashahidi, na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, huandika na kuhifadhi wosia za wananchi. Mke wako ajue ng'ombe walioko kwa rafiki yako wa mbali ni wangapi. Ajue akaunti iko benki gani, nani unamdai na nani anakudai. Shamba la familia liandikishwe kwa majina yenu wote wawili, kwa maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume. Kwa siri tunazowaficha wake zetu, mara nyingi anayefaidi ni wakala wa simu aliyejua namba ya siri, au kaka ambaye hakuwahi kushika jembe katika shamba lile. Na nanyi akina mama, vivyo hivyo: kikoba ambacho mume hakijui kabisa kinaweza kupotea pamoja nawe.

Wapendwa, nimeanza na ghala la Yusufu, sasa nimalize na ghala jingine. Yule tajiri wa Injili aliyebomoa maghala yake ili ajenge makubwa zaidi (Lk 12:16-21) hakuhukumiwa kwa sababu ya kuweka akiba. Yusufu naye alijenga maghala, tena makubwa kuliko yake. Tofauti ni kwamba tajiri yule alizungumza na nafsi yake tu. Katika mipango yake yote hamkuwa na mke, jirani, yatima wala Mungu. Yusufu aliweka ili watu wale. Hata ngitili za wazee wetu zilikuwa hivyo: zipo zilizokuwa za familia, na zipo zilizokuwa za kijiji kizima, na wakati wa shida lango lilifunguliwa.

Basi juma hili nawaachia kazi tatu za nyumbani. Keti na mwenzi wako mkaorodheshe mlicho nacho, mnachodaiwa na mnachodai. Tengeni sehemu, hata iwe ndogo kama zile senti 10 za Lévis, na muiweke mahali panapojulikana. Na kama kuna mtu aliyekuletea mradi wa kuvuna maradufu, mwulize swali moja tu mbele ya mashahidi: fedha ya kunilipa mimi inatoka kwa nani? Asipoweza kulijibu kwa sentensi moja, mwambie kwamba ng'ombe wako bado wanapenda zizi lao.

Mungu, mtoaji wa kila kilicho chema, abariki kazi za mikono yenu, mashamba yenu na mifugo yenu. Mama Bikira Maria atuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!

Wenu katika Kristo,
Paroko